Maktaba ya Mawimbi

Miaka ile Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Ginneri ya ushirika, kiwanda cha kuchambua pamba, ilikuwa imefungwa, wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wakipishana na magari yao vumbi juu, na wanaume waliopunguzwa kazi walikuwa wamerudi mtaani na kitu kimoja tu cha kutosha, yaani muda. Waliutumia kwenye benchi la Josia muuza kahawa, karibu na stendi, mahali ambapo uchumi wa nchi ulirekebishwa kila asubuhi na kufikia saa sita ulikuwa umeharibika tena. Machibya, aliyeitwa Injini kwa sababu maisha yake yote ya kazi alikuwa mwangalizi wa injini ya ginneri, alikaa mwisho wa benchi na kusema kidogo. Ndaki, karani wa zamani wa ushirika, aliitwa Soko Huria, kwa kuwa hakuna jambo, hata mvua, ambalo hakulieleza kwa soko huria. Sayi walimwita Redio Mbao, na hilo halihitaji maelezo. Wiki ile mjadala ulikuwa mmoja: binti Nyanjige, mwenye chumba cha kuchapa barua na kutoa fotokopi ng'ambo ya barabara, alikuwa akifanya nini na kompyuta yake iliyonguruma kutwa bila kuchapa barua ya mtu?

— Anajenga maktaba, alisema Redio Mbao. Nimemuuliza mwenyewe. Kaniambia, "Shikamoo baba, najenga maktaba."

— Maktaba? Ndaki aliweka kikombe chini. Matofali yako wapi?

— Nimemuuliza hilo hilo. Akasema yote yamo ndani ya kompyuta.

— Basi ni tenda hiyo. Imeshajengwa kwenye makaratasi, watu wameshakula, sisi tumekaa hapa tunasubiri msingi uchimbwe.

— Ngoja, sijamaliza. Si ya vitabu. Ni maktaba ya kuchakata mawimbi.

Benchi zima likageuka kutazama mlango wa Nyanjige.

— Mawimbi ya karibu yako Kalemela, ziwani, alisema Josia huku akipepea mkaa. Hapa tuna mabwawa ya kunyweshea ng'ombe, na hayo hayapigi wimbi hata ng'ombe atumbukie.

— Nilijua tu! alisema Ndaki. Wamebinafsisha ziwa. Wameanza na ginneri, wakaja kwenye mizani, sasa wamefika kwenye mawimbi. Mvuvi wa Kalemela atapigwa na wimbi, halafu alilipie.

— Tena anasema kodi yake iko wazi, aliendelea Redio Mbao. Yeyote anaruhusiwa kuisoma, na akitaka anairekebisha.

— Kodi unairekebisha mwenyewe? Kodi ya nchi gani hiyo?

— Na kitu chenyewe ni cha bure.

Hapo Ndaki alicheka mpaka akapaliwa.

— Bure? Bure ilizikwa pamoja na ushirika, mimi nilikuwepo msibani. Siku hizi mtu akikupa kitu bure, jua wewe ndiye unayeuzwa.

Machibya alikunywa kahawa yake. Angeweza kuwaeleza, maana mzigo uliokuwa ndani ya kile chumba ulikuwa wake. Alikuwa amempelekea Nyanjige kaseti. Ndani yake mkewe Felisita, aliyefariki mvua zilizopita, aliimba wimbo wa palizi kwenye ua wa ginneri, siku ya kufungua msimu, wakati ginneri ikiwa hai. Kaseti ya pili haikuwepo. Lakini ukiipiga ulisikia mvumo wa injini, na Felisita nyuma yake, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya korongo. Kabla ya kuipeleka, kila jioni Machibya alibandika sikio kwenye redio, na kila jioni mkanda ulizidi kuchakaa. Benchini hakusema. Mwanaume wa umri wake kulilia sauti ya mkewe, wangemcheka mpaka msimu uishe.

Mchana ule, wenzake walipokwenda kula, alivuka barabara hadi kwa Nyanjige, wakasalimiana kwa Kisukuma, yeye akimwita binti mama na binti akimwita babu.

— Mwadila, mayu.

— Mwadila, guku. Karibu ukae.

Kwenye kioo cha kompyuta mistari ya herufi ilikuwa ikipanda mbio. Nyanjige alimweleza taratibu. Mawimbi yalikuwa ya sauti, si ya maji. Kuna watu huko duniani, wengine hata hawajawahi kuonana, wameandika programu ya kutenganisha sauti na mvumo, ambayo wenyewe huiita maktaba, wakaitoa bure pamoja na maandishi yote yaliyoiunda, yaani "code" kwa Kiingereza, ile kodi aliyoisikia Sayi. Rafiki yake wa chuo Dar alikuwa amemtumia kwenye sidii. Ila programu iliyokuja tayari imeundwa haikuikubali kompyuta yake kuukuu, ikabidi aiunde mwenyewe kutoka kwenye maandishi.

— Na imeisha? Machibya aliuliza.

— Kuunda kumeisha. Ila imefeli jaribio.

— Jaribio la nani?

— La kwake yenyewe. Imekuja na sauti ambazo majibu yake yanajulikana. Unaipa, inazichuja, unalinganisha na majibu. Zote imepata, isipokuwa moja.

Machibya alikumbuka wanunuzi wa pamba na mizani zao.

— Mayu, kitu kinachojipima chenyewe...

— Ndiyo maana jibu limeandikwa na mtu mwingine, guku. Ni kama kuweka kwenye mizani jiwe ambalo kila mtu anajua uzito wake.

— Lakini ni moja tu. Kwa nini usimchuje Felisita hivyo hivyo?

Nyanjige alitikisa kichwa.

— Sijui hiyo moja imefeli kwa nini. Inaweza kuwa ndiyo itakayomkata yeye na kuiacha injini. Simgusi mama mpaka nijue.

Machibya alirudi benchini na uchungu. Alikuwa amekwisha kuona mizani nyingi mbovu, na wenye mizani hizo hawakuwahi kukosa usingizi. Na huyu mmoja mwenye kujali, mbona kamwangukia yeye na kaseti yake?

Kesho yake Redio Mbao alifika mbio, kofia mkononi.

— Jamani, si maktaba. Jana jioni nimepita dirishani kwa yule binti. Nimesikia mtu anaimba humo ndani, nyuma ya mvumo wa mashine. Chumbani yuko peke yake.

— Redio hiyo, alisema Josia.

— Redio gani? Sauti naijua, na nyinyi mnaijua. Alimtazama Machibya, akashusha sauti. Injini, unisamehe ndugu yangu. Ilikuwa ya marehemu shemeji.

Hakuna aliyecheka. Ndaki alikuwa wa kwanza kupata maelezo.

— Biashara imefika huko. Wanakamata sauti za wafu, wanazifungia kwenye sidii, zinapelekwa nje. Ndiyo maana ni bure. Mali ghafi yenyewe ni sisi!

— Kule Nkoma kuna mwanamke alianza hivi hivi, alisema Redio Mbao. Sungusungu wakaenda kumhoji. Hakulala tena kwenye ile nyumba.

— Basi nao waitwe, alisema Ndaki. Wamuulize tu.

Wawili waliokuwa wakipita njia walisimama kusikiliza, akaongezeka wa tatu. Machibya aliwatazama. Alijua maana ya "wamuulize tu" ya wale walinzi wa jadi kwa mwanamke anayedhaniwa mchawi. Binti mwenye chumba chake, asiye na mume, mwenye mashine inayoongea kwa sauti ya marehemu: swali likishaulizwa, jibu lake halina kazi. Aliona miguu yake imesimama kabla hajaamua.

— Kaseti ni yangu, alisema.

— Kaseti ipi?

— Ya mke wangu. Nimempelekea mimi, na hiyo ndiyo uliyoisikia ikipigwa. Nilikuwa siwezi kumsikia. Nimemwomba yule mtoto amtoe kwenye kelele za injini, basi. Mwenye swali aniulize mimi.

Redio Mbao alivaa kofia yake, akaivua tena. Ndaki alitazama kikombe. Wale wapita njia wakaendelea na safari zao, pengine kwa kuwa mume kumlilia mkewe si habari ya kusimamia juani.

— Ungesema, ndugu yetu, alisema Ndaki hatimaye.

— Ningesema hapa?

Josia alimmiminia kikombe kingine bila kuombwa.

Jambo lenyewe lilikuja kuwa dogo mpaka Nyanjige akaona aibu kulieleza. Kompyuta ile ilikuwa mtumba wa Ujerumani, na Wajerumani huandika desimali kwa mkato, wakati vipimo vya kuchujia, vya jaribio lile moja na vya kaseti pia, viliandikwa kwa nukta. Moja nukta tano, mashine ilisoma moja na kuishia hapo. Akabadilisha mpangilio mmoja, akarudia majaribio yote tangu mwanzo, na yote yakapita. Akavuka barabara kumwita Machibya. Benchi zima likamfuata, Redio Mbao mbele, kwa ajili ya kuhakikisha.

— Kwa hiyo nukta ndiyo ingemkata mama? aliuliza Machibya.

— Mkato, guku. Ningeipa kaseti wiki iliyopita, ningekuletea injini tupu.

Akabonyeza. Felisita akaimba. Sauti yake ilikuwa wazi, ikiwemo ile mikwaruzo midogo ya mafua aliyokuwa nayo kila msimu wa vumbi. Ndaki alifumba macho. Redio Mbao alivua kofia yake. Machibya alisikiliza mpaka wimbo ukaisha, akabaki ameinamisha kichwa.

— Mbona hufurahi, guku?

— Nimefurahi sana, mwanangu. Ila ameimba peke yake. Alitafuta maneno. Siku ile nilikuwa ndani kwenye injini. Yeye alikuwa nje anaimba, mimi ndani naiendesha. Hapa mimi sipo.

Nyanjige alivuta kiti chake mbele. Kisha akaigeukia kompyuta.

— Naweza kuirudisha kidogo. Utaniambia inatosha.

Akaongeza, Machibya akatikisa kichwa. Akaongeza tena. Mvumo uliingia chini ya sauti taratibu, na mzee akanyoosha mkono, kama alivyokuwa akiwaashiria wenzake zamani mashine ikishika mwendo.

— Hapo hapo.

Siku ya mnada Nyanjige alitoa spika mlangoni, akaupiga wimbo, na benchi likasikiliza mahali pake pa kila siku. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri gari la Maswa, kuku wawili miguuni, alikuwa ameomba kikombe cha kahawa na kukaa pembeni. Redio Mbao hakukubali mgeni apitwe. Alimsimulia yote: maktaba, kodi iliyo wazi, Wajerumani na mikato yao, injini ilivyotolewa na ilivyorudishwa. Mama alisikiliza kwa adabu.

— Samahani wazee wangu, alisema. Kelele zilikuwepo. Mkazitoa. Sasa mmezirudisha. Mlikuwa mnatengeneza nini?

Ndaki alifungua mdomo. Ungedhani soko huria linakuja, lakini halikuja. Mama akamgeukia Machibya, aliyeonekana kuwa mwenye jambo lenyewe, akamkuta ameegemea ukuta, mguu wake ukipiga polepole mwendo wa injini. Ng'ambo ya barabara Felisita alikuwa anaingia kwenye ubeti wa pili.