Alama ya X Ukutani kwa Kinyozi

Ile X kwenye ukuta wa kinyozi ilikuwa nyekundu, mbichi, na imechorwa vizuri kuliko kibao chake cha biashara. Watu wa halmashauri waliipaka jana, yeye akiwa katikati ya kichwa cha mteja, wakasema mtaro unapita hapo na kibanda kitabomolewa. Asubuhi hii kinyozi alikuwa kwenye benchi la kona na wenzake wa siku zote, kahawa inampoa mkononi, roho inamuuma. Kibanda kile ndicho kilicholisha nyumba mbili, yake na ya dada yake mjane.

Wenzake walimliwaza kwa njia pekee waliyoijua, yaani kubishana.

— Huo si mtaro, alisema Masafa, fundi redio. Kuna kitu wanakitafuta chini ya kiti chako.

— Kitu gani?

— Wangekuwa wanakijua, wangekitafuta?

Mstaafu, tarishi wa zamani, alikataa katakata. Kwa maelezo yake, mchora ramani alikuwa na kinyongo na vinyozi, kisa aliharibiwa ndevu siku ya harusi yake. Masafa akapandisha dau: setilaiti imeona watu wanaingia na nywele, wanatoka hawana, ikatia shaka.

Aliyewaka kuliko wote ni Mheshimiwa, diwani wao, ambaye tangu achaguliwe hajakosa kahawa ya pale. Alisema halmashauri imezidi sasa, inajiamulia mambo bila kumuuliza mtu. Benchi zima likamuunga mkono. Kinyozi akamshukuru.

Ndipo akaja binti mmoja na mkoba begani. Aliwapa shikamoo, akajieleza kuwa ni mwanafunzi wa chuo kikuu, anatafiti jinsi madiwani wanavyoibana halmashauri kwa maswali. Wakamsogezea nafasi na kumwambia ana bahati, diwani mwenyewe huyu hapa. Kisha wakamwonyesha ukuta.

— Basi Mheshimiwa, mpango wa huu mtaro ulipoletwa kikaoni, uliuliza nini?

Mheshimiwa akatazama ndani ya kikombe. Masafa akainama kufunga kamba za viatu.

— Ilikuwa ajenda ya mwisho, alisema Mheshimiwa taratibu. Tulishachoka. Tukapitisha.

Kinyozi akaweka kikombe chini. Kumbe muda wote ule alikuwa anapewa pole na mtu aliyenyoosha mkono kumbomolea.

— Tunakaa wote hapa kila asubuhi, alisema. Hata kuninong'oneza?

— Hukuniuliza, ndugu yangu.

Mstaafu alikohoa. Binti akamgeukia kinyozi kwa upole kabisa, kama anayeuliza njia.

— Kwani kaka, tangu mmchague, umeshawahi kumuuliza huko kikaoni wanaamua nini?

Kinyozi aliitazama ile X. Kila Jumamosi kichwa cha Mheshimiwa kilikuwa mikononi mwake, wembe shingoni, hana pa kwenda, na siku zote hizo walizungumza mpira.