Mukonyo Aliposema "Mimi"

Krrr... krrr... Ilikuwa sauti ya valvu kuu ya maji ikizungushwa usiku wa manane. Wapangaji wa ploti nzima ya Norman waliisikia, na ploti nzima ikajifunika blanketi. Nzisa naye aliisikia, akamvuta bintiye Mukonyo kifuani kwa hofu, maana mtoto alikuwa macho. Asubuhi ikamkuta Nzisa pale pa kila siku, kona ya soko la Kangemi, akikaanga mandazi kando ya benchi ya Sifuna, muuza kahawa ya tangawizi waliyembandika jina Birika. Kwenye benchi walikuwa wapangaji wawili wa Norman wasiokosa: Macharia, aitwaye Wakili kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi katika kesi ya mbuzi, na Nashon, fundi wa redio, aitwaye Redio kwa kuwa yeye mwenyewe hazimiki.

— Mama Muko, leo mandazi imeungua, Redio akasema. Kwani kuna nini?

— Niache, Redio, niache tu. Mwalimu Ciru amewafunza mambo ya mtazamo, eti usimulie hadithi ukiwa mtu mwingine, useme "mimi" na si wewe. Sasa Mukonyo akasimama darasani akawa Norman, mwenye ploti! Akasema, "Mimi nikifunga maji usiku nazungusha polepole, nawahurumia watoto, lakini mkokoteni wangu wa kuuza maji nao ule wapi?" Darasa likacheka, habari ikafika kwa Norman, na Norman ako kwa kamati ya shule. Anataka kesho kwa paredi, mbele ya shule nzima, mtoto aseme alidanganya, akikataa tuhame, na mimi nitahamia wapi, nitabeba nini nianze na nini?

Wakili akaweka kikombe chini kama hakimu.

— Mtoto alisema nani hufunga maji?

— Alisema "mimi".

— Basi ni yeye! Kortini ukishasema "mimi", umekiri. Hiyo kesi imeisha.

— Ako na miaka kumi na moja, Wakili! Ile valvu hata wewe itakushinda.

— Nguvu si hoja. Mwenye kisu kikali ndiye hula nyama.

— Sasa hiyo inaingilia wapi? Birika akauliza.

— Methali haibishi hodi, mzee.

Redio akasogea, akashusha sauti.

— Nyinyi hamjui. Hii ni mpango mkubwa. Wanafunza watoto kuongea kama sisi ndio siri zetu zitoke. Leo amekuwa Norman, kesho atakuwa mimi! Aseme, "Mimi Nashon, redio ya bishop haikuwa mbovu, nilichomoa waya nikarudisha, nikalipwa."

Wakili akamkazia macho.

— Kwani ulichomoa?

— Huo ni mfano, bana!

— Umesema "mimi".

— Na akiwa mimi je? Birika akadakia, jasho likimtoka. Aseme, "Mimi Sifuna, hii kahawa naichemsha mara ya tatu..."

Akajiziba mdomo. Wenzake wakachungulia vikombe vyao.

— Dawa ni kubadilisha, Wakili akaamua haraka. Mtoto aseme, "Kulikuwa na mtu fulani."

— Hata mtu ni hatari, Redio akasema. Aseme sungura. Sungura alifunga maji ya fisi.

— Na Norman akijiona kwa huyo sungura? Wakili akapinga. Hapana. Aombe msamaha yaishe. Haba na haba hujaza kibaba, mama.

Nzisa akageuza andazi ambalo lilikuwa limeshaiva. Walichokisahau wote ni kwamba Mukonyo alimhurumia huyo Norman. Katika ploti nzima, hakuna mwingine aliyewahi kuuliza Norman anawaza nini akiwa pale gizani. Na jana mtoto alimuuliza Nzisa: "Mama, nikisema nilidanganya, huo ni mtazamo wa nani?"

Hapo akatokea mwanamke na mtungi mtupu.

— Habari zenu. Naitwa Carolyne, nimehamia kwa Norman juzi kutoka Kabiria. Nauliza tu, hapa maji hufungwa na nani?

Wakili akaanza kukagua soli ya kiatu chake. Redio akatega sikio kwenye redio isiyo na betri. Birika akainamisha birika juu ya kikombe, likatoa machicha matupu.

Nzisa akaweka kijiko chini.

— Ni Norman.

— Mama Muko, punguza sauti! Wakili akanong'ona.

— Sipunguzi! Si sungura, si mtu fulani. Mimi Nzisa nilimwona kwa dirisha, amevaa gambuti miguuni, tochi ameiuma kwa meno, na ninaogopa. Lakini mtoto wangu hatasimama kwa paredi aitwe mwongo kwa kitu watu wazima wanasikia wakijifunika blanketi. Nitasimama mimi, niseme mbele ya walimu, mbele ya kamati, mbele ya Norman mwenyewe.

— Na akikufukuza? Carolyne akauliza.

— Atafukuza mtu ameshasema.

Redio akamshika mkono, akiomba.

— Mama Muko, tafadhali. Apa hutaambia mtu mwingine haya ya Norman.

Nzisa akajipangusa unga kwenye leso.

— Wacha kwanza kesho shule nzima isikie. Nikimaliza hapo, haki ya Mungu, sitaambia mtu mwingine.