Mama Utando na Doa la Unyayoni

Ndugu waombolezaji, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, mtoto wa kaka yake, niwasomee safari ya shangazi yetu, nami nitaisoma kama ilivyokuwa, hata pale inapouma.

Shangazi alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika chumba cha nyuma ya kibanda cha viatu, mtoto wa tano wa fundi viatu na mkewe, akajua kushika nyundo kabla ya kalamu. Alianza shule ya msingi ya mtaani mwaka 1982, akamaliza sekondari 1993, na mwaka 1996 akapata cheti cha ufundi wa maabara, ingawa wajomba waliuliza mwanamke wa kuchemsha chupa atampikia nani.

Alifanya kazi kiwanda cha nyuzi hadi kilipofungwa mwaka 2010, kisha akaajiriwa na maabara ya chuo, akakabidhiwa mashine inayovuta dawa kwa umeme mkali hadi iwe nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikajilaza juu ya karatasi ya foili kama utando wa buibui, utando unaokusudiwa kubandikwa juu ya kansa ya ngozi, utoe dawa taratibu pale pale bila kuusumbua mwili mzima, na hapo wenzake wakambatiza Mama Utando, wakimtania kwamba akipiga chafya tu, kazi ya wiki imepeperuka.

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na fundi umeme, ambaye hadi leo husema umeme anaouogopa ni mmoja tu na hauko nguzoni, wakajaliwa binti na kijana, hawa waliokaa mbele yenu.

Mwaka 2021 doa jeusi lilijitokeza kwenye unyayo wake wa kushoto, na yeye, mtoto wa fundi viatu, akalaumu msumari, akabadilisha soli, akabadilisha viatu, akaendelea kuchechemea, na mkuu wa maabara alipomwona akamwambia aachane na viatu vya ujana, maana ukutani kwao picha za kansa ya ngozi zote zilikuwa za ngozi nyeupe, na wasomi wazima waliamini ngozi kama yetu haiugui kile walichokuwa wakikitafutia dawa kutwa kucha, sasa jamani, huo ni usomi gani?

Novemba 2023 kidonda kilipimwa, ikawa kansa ya ngozi, nayo ilikuwa imeshafika kwenye tezi za kinena na mapafuni. Shangazi aliomba abandikwe utando alioutengeneza mwenyewe, akajibiwa kwamba bado unajaribiwa kwa panya, akacheka, akasema kumbe panya wana wakubwa wa kuwasemea, hadi wanapewa dawa kabla ya aliyeitengeneza, lakini tusidanganyane, hata wangekubali, bandiko la unyayoni lisingefika mapafuni. Mguu ulikatwa Februari, haikusaidia kitu, na tarehe 19 Mei 2024 alfajiri, wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na sinki, alikata roho huku bintiye amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomtuliza maumivu walipokuwa hawana kingine cha kumpa, majirani waliopokezana kumbeba ngazini, na wafanyakazi wenzake, ambao leo wamekuja wote na shada zuri, na ambao kwa miaka miwili na ushee hakuna hata mmoja aliyemwambia, hebu vua kiatu tuone.

Shangazi, pumzika kwa amani, hiyo ambayo sisi hatunayo.