Mahindi Chumbani

Haya nilisimuliwa Ijumaa jioni na mkaza mwanangu Penina, alipokuja kwangu na mkeka kwapani, ameshuka tu kwenye basi la Mtera.

Ndani ya basi, mbele yake alikaa mzee Matonya, anakohoa na kujishika kichwa, kando ya mama wa Kondoa aitwaye Mwajabu, mwuza nafaka. Hawakujuana, ila mzee alishaanza kulalamika kuwa mkewe amemsusa. "Tangu niweke magunia ya mahindi chumbani, analala jikoni. Eti chumba kinanuka kitunguu saumu kilichooza."

"Umeyatia vidonge vya wadudu?"

"Nimeyatia. Kifua kinabana kidogo, vumbi tu hilo."

"Shikamoo, babu dumuzi mla mahindi!" akasema Mwajabu, na basi zima likacheka. "Vile vidonge vinatoa hewa ya sumu. Imuue mdudu, ikuache wewe? Mkeo hajakususa, anataka kuishi. Tukifika Mkonze tunashuka wote, nakupeleka zahanati, na chumbani humo usilale tena."

"Na mwizi akija?"

"Akilala humo ataugua yeye."

Mzee akampigia mkewe simu. "Loisi, leo nitandikie huko jikoni."

"Na mahindi yako?"

"Yalale peke yake. Ila mlango ufunge!"

"Fungua, mama, na madirisha!" Mwajabu akadakia. Wakashuka wakibishana, mfuko wa mzee kaubeba Mwajabu.

Nikamuuliza Penina, mahindi yake kayaweka wapi.

"Chini ya kitanda, mama. Niliyatia vidonge kabla ya safari." Akatandika mkeka wake, akajifunika kanga, akalala.