Mfupa wa Tatu wa Sikio

Ndani ya basi, mshona mapazia alikuwa ameupakata mzigo wake wa vitambaa, akijifanya anatazama dirishani. Masikio yote yalikuwa kiti cha mbele, ambako fundi bomba alikuwa akimhoji mfua shuka wa hospitali, mama wa watoto watatu anayesomea uuguzi.

"Dada, kwa umri huu, vitabu vya nini? Na nyumba unamwachia nani?"

"Mama mkwe, Mungu ampe maisha marefu. Masomo nayarekodi kwenye simu kwa sauti yangu nikiwa jikoni, halafu nayasikiliza kazini nikipiga pasi. Naye husikiliza akimbembeleza mtoto. Hajui kusoma, lakini mifupa anaitaja yote."

"Na unafaulu?"

"Mtihani uliopita waliuliza vifupa vitatu vya sikio. Nikaandika: nyundo, fuawe na chumvi."

"Chumvi?"

"Jibu lilikuwa kikuku. Lakini nilipokuwa nakirekodi, mkwe aliuliza chumvi iko wapi. Ikaniganda kichwani hivyo hivyo." Akacheka mpaka akafuta machozi. "Maskini, aliniomba radhi wiki nzima. Siku hizi nikirekodi anapika kimya. Chakula hakina chumvi, na tunakula tunashukuru."

"Mimi bado naona unajitesa," fundi akasema.

"Sawa, kaka. Niombee tu, leo naurudia mtihani."

Basi likasimama, akashuka mbio. Fundi akabaki anahesabu kwa vidole. "Nyundo... fuawe..." Akakwama.

"Kikuku," akasema mshona mapazia, ambaye hakuna aliyemuuliza.