Chungu cha Mawifi Wawili

Ndugu wafiwa, na ninyi majirani mliokaa mkitazamana kwa pembe ya jicho, mimi Husseni, binamu wa marehemu, nawasomea maisha ya Mrisho Bwanali, yasikilizeni yote kabla hamjanong'onezana tena.

Marehemu alizaliwa Chiwata, mwezi wa Rajabu, mwaka ambao Wadachi wanaotutawala wanauhesabu 1866, akasoma Kurani hapo hapo akahitimu, akawa mpagazi wa kubeba mpira wa utomvu kutoka Newala hadi Lindi, na mwaka 1890 akamwoa Somoe wa Newala, akahamia ukweni kama desturi yetu inavyotaka, wakajaliwa Mussa na Dadi. Septemba 1905, vita vya Maji Maji vilipofika kwetu, aliinywa dawa ile ya maji kama wenzake, akaenda kupigana, akarudi salama.

Maradhi yalimwanza mwaka 1909, ulimi ukawa mwekundu na kumwasha kila alipokula, nyama ikamshinda, uso ukapauka, miguu ikafa ganzi. Wapo waliosema ni yale maji yamemgeukia tumboni, lakini dada yake, Sikuzani, alimshuku mke, maana kikulacho ki nguoni mwako. Somoe akawa anaonja kila chungu mbele ya mumewe ili kuondoa shaka ya sumu, ila yeye alinawiri na mume akakonda, na huko kunawiri kukageuzwa ushahidi, hadi wazee wakataja mwavi, ile dawa ya kumnywesha mshukiwa, mwenye hatia afe.

Januari 1911 Sikuzani alimleta kaka yake hapa Masasi, akampikia kwa mkono wake mwenyewe, na marehemu akazidi kwisha. Daktari wa misheni alimfunua kope, akasema tumbo lake linajila lenyewe, damu haipati cha kujijenga, na dawa hana. Hatukumsadiki. Macho yale yale yakamhamia Sikuzani, watu wakakikimbia chakula chake, na Somoe alipofika kutoka Newala tulijua amekuja kulipiza. Aliketi mkekani, akasema, "Wifi, nipakulie na mimi," akala mpaka akaramba vidole, na Sikuzani akalia.

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 14 Juni 1911. Tunamshukuru daktari yule, wapagazi wenzake waliombeba kwa machela, na majirani mliochimba kaburi. Wali uliopo mbele yenu wameupika Somoe na Sikuzani kwenye chungu kimoja, wameuonja wote wawili, na naona bado hakuna aliyenyoosha mkono.

Pumzika kwa amani, Mrisho, sisi tunanawa tule.