Bi Lini na Siku Tisa za Majaribio

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na muuguzi. Mama anasema alitembea akiwa na miezi minane, na tangu hapo hakukaa kitako.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1988, akaendelea na sekondari, na mwaka 1996 akahitimu stashahada ya ujenzi. Darasani walikuwa wasichana wawili tu.

Alianza kazi kama karani wa saiti, akapanda hadi mpangaji mkuu wa ratiba. Mafundi walimpachika jina la Bi Lini, kwa sababu hata salamu yake iliishia na swali hilo. Fundi umeme mmoja alimjibu, "Kesho, dada." Akamuuliza, "Kesho saa ngapi?" Mabishano yao yaliwafikisha kwenye ndoa tarehe 7 Agosti 1999. Bwana harusi alichelewa dakika arobaini.

Mwaka 2021 alikabidhiwa ratiba ya ujenzi wa kituo kikubwa cha data, chenye kumbi sita za kompyuta. Zilikuwa kazi elfu mbili na mia nne, kila moja ikisubiri nyingine: zege likauke ndipo jenereta zipandishwe, nyaya zivutwe ndipo mitambo ya kupoza iwashwe. Alizibandika zote ukutani, ndani ya kontena lililokuwa ofisi yake, akawa anatembea mbele yake, penseli sikioni, chai ikipoa. Transfoma zilipochelewa wiki kumi na moja, meneja wa mradi alitaka siku tisa za kujaribu mitambo ya kupoza zifutwe, ili tarehe ya makabidhiano isiguswe.

"Futa wewe. Mimi sitii sahihi," dada alimwambia.

"Unanikwamisha, Bi Lini."

"Afadhali nikukwamishe kuliko nikuzikie mafundi."

Alihamishiwa stoo, kupokea mabomba. Kwa wiki sita alikuwa akirudi nyumbani anapanga na kupangua viti vya sebuleni. Kisha wenye jengo wenyewe wakadai majaribio. Siku ya nne bomba kuu lilipasuka, maji yakafurika kwenye ukumbi wenye umeme. Kwa kuwa yalikuwa majaribio, hakukuwa na mtu ndani. Meneja alimfuata stoo kwa miguu yake: "Dada, nisamehe. Rudi." Dada akachukua mkoba wake. "Bomba jipya linafika lini?"

Jengo lilikabidhiwa tarehe 30 Novemba 2023. Kumbe tangu Juni tumbo lilikuwa likimsumbua, na vipimo vyake mwenyewe alikuwa ameviahirisha mara tatu. Daktari alikuta saratani ya kongosho imeshasambaa. Hapo ndipo sisi ndugu zake hatutulii hadi leo: tulimwona anakonda, tukasema ni kazi.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mama mzazi na ndugu wanne. Mwenyezi Mungu ampe lile pumziko ambalo sisi tulishindwa kumlazimisha achukue.